Barua Isiyo na Bahasha



Juma hili ukurasa wetu watoka mbali na bahari. Hivi karibuni nilialikwa Kisii kusomesha darsa za siku tatu. Nikapanda basi Mombasa, nikabadilisha Nairobi, nikashuka Kisii jioni ya siku ya pili nikiwa nimejitanda shuka mbili juu ya kanzu. Mji ule umekaa juu, yapata mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na mvua ya alasiri huko haina haja ya kualikwa. Waislamu wake si wengi ukiwalinganisha na sisi wa pwani, lakini si wapita njia. Wapo Wanubi ambao wazee wao walikuja na jeshi la Waingereza, wapo Wasomali, wapo Wagusii waliosilimu, na wapo watoto wetu wa pwani waliofuata ndoa na biashara.

Darsa ya pili ilikuwa ya kina mama, juu ya adabu za kuuza na kununua. Ilipokwisha, Bi mmoja akabaki pamoja na mke wa mwenyeji wangu, wakingoja wenzao watoke. Ni mzaliwa wa Mombasa, aliyeolewa Kisii tangu ujana wake, na sasa ni mjane anayejitegemea kwa biashara ya vyombo vya mawe. Akafungua mkoba, akatoa kipande cha karatasi ngumu, akakiweka juu ya jamvi.

“Sheikh, nataka kujua kama hii yafaa.”

Ilikuwa postikadi. Upande mmoja palikuwa na picha ya msichana aliyevaa buibui, uso wazi, ameshika chetezo kwa mikono miwili huku akitabasamu. Upande wa pili palikuwa na mstari katikati: kushoto maneno ya kuisifu bidhaa, kulia nafasi ya anwani na stempu. Akanieleza kwamba hiyo ilikuwa sampuli tu. Mpiga chapa alikwisha kupokea arbuni ya kadi 200, naye alikuwa akingoja neno lake aanze kazi.

“Na huyu ni nani?”

“Ni binti yangu mdogo. Mpiga chapa asema chetezo peke yake hakimvuti mtu. Asema macho hufuata uso.”

Nikamwomba anipe usiku mmoja. Nakiri kwamba usiku ule sikuanza kwa kuufikiria uso wa msichana. Nilianza kujiuliza ni kitu gani kimemrudisha kwenye postikadi mama mwenye simu mkononi, ilhali wengi wetu mara ya mwisho kuishika ni pale hujaji alipotuletea moja yenye picha ya Makka. Kulipokucha nikamuuliza, na jawabu lake lilikuwa la mtu aliyeyapima mambo.

Biashara yake yatazama pwani. Wateja wake ni kina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu waliokutana naye harusini na matangani, wakanunua mara moja, wakaahidi kurudi, wakasahau. Si kwamba hawakupenda, dunia imewajaa. Picha anayoitia kwenye hali ya WhatsApp hudumu saa 24, kisha hutoweka. Ujumbe anaoupeleka kwenye makundi huzikwa chini ya dua, salamu za Ijumaa na video za mapishi kabla haujasomwa. Mwaka mmoja simu yake iliharibika, namba zote zikaenda nayo, na biashara ya miaka sita ikawa ya kuanza upya. Ndipo alipomkumbuka shangazi yake wa Mombasa, ambaye kwenye fremu ya kioo chake cha kuvalia amechomeka postikadi aliyopelekewa na jamaa yake kutoka Maskat tangu yeye Bi alipokuwa msichana. “Karatasi hukaa, Sheikh,” akaniambia. “Ukiifuta vumbi, ipo.”

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Asili ya kitu hiki yafaa kuelezwa, maana mawaidha yake yamo ndani ya umbo lake. Postikadi ya kwanza ya serikali ilitolewa na dola ya Austria na Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869. Haikuwa na picha. Ilikuwa karatasi ngumu, nafuu kuliko barua, kwa mtu mwenye maneno machache yasiyo ya siri. Mwaka 1874 mataifa yakafungamana katika umoja wa posta mjini Bern, na kadi ikaweza kuvuka mipaka bila matata. Picha ilikuja baadaye, na kwa muda upande mmoja mzima ulikuwa wa anwani tu, hata mwandishi akawa hujibana pembezoni mwa picha. Uingereza iliruhusu mwaka 1902 upande wa anwani ugawanywe kwa mstari, nusu maneno, nusu anwani. Mstari ule alioupiga mpiga chapa wa Kisii kwa kompyuta yake una umri mkubwa kuliko babu yake.

Pwani yetu iliipokea mapema. Unguja palikuwa na wapiga picha wa Kigoa, A. C. Gomes na mwanawe, na ndugu wa Coutinho, waliopiga picha za majumba, bandari na watu, wakazitoa kuwa postikadi na kuwauzia abiria wa meli. Zilikuwa biashara ndogo: studio, chumba cha giza, na meza ya kuuzia. Lakini jina la studio lilipigwa chapa kwa herufi ndogo juu ya kadi, na kila abiria aliyewaandikia wazee wake Ulaya alinunua stempu kwa fedha zake mwenyewe na kulipeleka jina la duka la Unguja hadi London au Hamburg. Tangazo ambalo mteja hulilipia na kulibeba! Sijaona katika zama hizi za intaneti akili iliyolizidi hilo.

Lakini kadi hizo hizo zina jambo jingine, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Katika makusanyo yaliyobaki utamkuta, mara kwa mara, mwanamke wa pwani aliyesimamishwa mbele ya pazia la studio, amevaa leso, na chini yake hapana jina. Pameandikwa tu kwamba ni mwanamke wa Kiswahili. Jina la mpiga picha lipo, na jina la mji lipo. Yeye alikwisha kufa zamani, na sura yake ingali ikinunuliwa na kuuzwa. Mjukuu wake akiishika leo hatajua kwamba amemshika bibi yake.

Sikumwambia yule Bi kwamba picha ya kamera ni haramu. Wanazuoni wa zama zetu wamehitilafiana: wako wanaoikataza ila kwa dharura, na wako wanaoilinganisha na sura inayoonekana kiooni. Mimi si mtu wa kuufunga kwa neno moja mlango ambao wakubwa wangu hawakuafikiana juu yake. Nilimuuliza jambo dogo.

“Binti mwenyewe amesemaje?”

Akanyamaza. Mke wa mwenyeji wangu akainamisha kichwa.

“Hakuulizwa, Sheikh. Aliambiwa shika hiki, simama pale.”

Ana miaka 16. Picha iliyomo kwenye simu ya mama yake, mama aweza kuifuta. Postikadi 200 zikishatoka mkononi hazirudi. Zitapita kwa karani wa posta, kwa utingo wa basi, kwa mlinzi wa jengo, kwa mgeni aliyekuja kuangalia mpira sebuleni. Atakayeipenda ataibandika anakotaka. Miaka 10 ijayo binti huyo atakuwa mke wa mtu, au mwalimu, au daktari, na sura yake ya utotoni itakuwa bado yauza vyetezo katika nyumba asizozijua. Nilimwambia mama yake: huna haki ya kumtoa kwa namna hiyo bila ridhaa yake, na hata akiridhia, yeye bado mdogo kuijua ridhaa yenyewe. Biashara ni yako. Uso ni wake.

Alilia kidogo. Si kwa sababu yangu, nadhani. Arbuni ile alikuwa ameikusanya kwa miezi mingi, na alihofia kwamba mpiga chapa ataila. Alhamdulillah, mashine ilikuwa haijaanza. Mpiga chapa alitoza tu gharama ya kupanga kadi upya, akanung'unika, akakubali.

Basi tukaketi watatu kuitengeneza upya. Kwa picha haikutuchukua muda. Chetezo kiliwekwa mlangoni asubuhi juu ya mkeka, jua likiingia kwa ubavu, makaa mekundu ndani na moshi wa udi ukipanda. Hapakuwa na mtu. Mke wa mwenyeji wangu aliitazama akasema kwamba imemtia harufu puani. Kazi kubwa ilikuwa maneno.

Maneno ya kwanza yalisema hivi: “Chetezo cha mawe halisi ya Kisii. Hakivunjiki. Rangi haitoki maisha. Bora kuliko vyote Kenya.”

Nikamwomba anieleze mawe hayo, kwani mimi nayajua kwa kuyaona madukani tu. Hutoka Tabaka, upande wa Mugirango Kusini, katika Kaunti ya Kisii. Watu huyaita mawe ya sabuni kwa kuwa ni laini na huteleza mkononi. Yapo meupe, yapo ya rangi ya maziwa, ya waridi na ya kijivu. Aghalabu wanaume huchimba na kuchonga, na wanawake husugua kwa msasa na maji, huosha, huanika, kisha hupaka nta hata jiwe ling'ae. Kutoka Tabaka ametoka mchongaji mashuhuri Elkana Ong'esa, ambaye kazi yake imesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Walio wengi, hata hivyo, huchonga bakuli, visahani vya sabuni, vinara na wanyama, huwauzia madalali, na majina yao hayamfikii mnunuzi. Bi wetu hauzi sanamu za watu na wanyama. Hilo alikwisha kujiamulia kabla sijafika, nami sikumwongezea. Yeye huagiza vyetezo na bakuli, kwa vile anajua nyumba za pwani haziachi udi na ubani, na jiwe lile lavumilia moto wa makaa.

“Sasa niambie,” nikasema, “hakivunjiki?”

Akacheka. “Kikianguka sakafuni huvunjika, Sheikh. Jiwe ni laini.”

“Na rangi haitoki?”

Vyetezo vyenye maua, akanieleza, hupakwa rangi kwanza, kisha huchorwa kwa ncha kali mpaka weupe wa jiwe utokeze. Rangi hiyo hufifia karibu na makaa. Tena kuna habari ya nta: chetezo kilichopakwa nta ndani hutoa moshi na harufu mbaya siku ya kwanza kikitiwa moto, na mteja asiyeambiwa hudhani ameuziwa kibovu. Yeye mwenyewe alikwisha kurudishiwa viwili kwa sababu hiyo. Yote haya anayajua, na hata moja halikuwemo kwenye kadi.

Wasomaji wa ukurasa huu mwaikumbuka ile habari iliyopokewa na Abu Huraira na kuthibitishwa na Imam Muslim, ya Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni akakuta lundo la chakula, akatia mkono ndani, na vidole vikapata umajimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakione, na akakata hukumu nzito juu ya mwenye kughushi. Nilimwambia Bi kwamba postikadi ni juu ya lundo. Mteja wa Malindi hawezi kutia mkono ndani. Yuko mbali, karibu upande wa pili wa nchi. Hana ila ile picha kavu inayong'aa. Basi umajimaji sharti uwe juu, kwa herufi zinazosomeka.

Maneno tuliyofikia, baada ya birika mbili za chai ya Nyamira, ni haya: “Chetezo cha jiwe la Tabaka, kimechongwa kwa mkono. Ndani hakina nta wala rangi. Siku ya kwanza kitie makaa bila udi, ukiache kipoe chenyewe. Kikianguka huvunjika. Kikivunjika njiani kabla hujakipokea, nitakuletea kingine. Wanaotaka kwa Ramadhani waagize kabla Rajabu kwisha.” Chini yake bei, namba ya simu, na namba ya kulipia kwa M-Pesa. Mpiga chapa alipoyasoma akasema kwamba tangu afungue duka hajapiga chapa tangazo lenye kusema bidhaa huvunjika. Bi akamjibu apige hivyo hivyo.

Kuna mambo ya kazi ambayo dada zetu wenye biashara ndogo wameniomba mara kadhaa niyaandike, nami nitayapitia kama yalivyotutokea, kwani mimi si mwalimu wa biashara.

Kadi 200 zilikuwa nyingi. Daftari lake lilikuwa na majina 60 ya watu waliopata kununua, na hao ndio wa kuandikiwa. Mtu asiyekujua akipata kadi yako huiona karatasi. Aliyekwisha kukaa na chetezo chako huiona salamu. Akapiga chapa 100, zilizobaki akaziacha hadi ajue kama jambo lina faida. Kisha akawapigia simu wale 60, au akawapelekea ujumbe, kuwauliza kama wangependa kupokea kadi yake. Hilo si adabu tu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na kutumia majina na anwani za watu kwa biashara bila ya idhini yao ni kosa. Fikra hiyo si ngeni kwetu. Jina na anwani ya mtu ni amana aliyokupa ili umletee mzigo wake.

Kwa ukubwa, karatasi ya A6, yaani milimita 105 kwa 148, yatosha na posta huipokea bila maswali. Iwe ngumu, isijikunje. Upande wa maneno usiwe wa kung'aa, la sivyo wino wa kalamu utachafuka. Hili lilimpata, na kadi za mwanzo alizoandika zilifika kama zilizolowa machozi. Bei ya stempu iulizwe dirishani kabla ya kupiga hesabu ya gharama, kwani mtu husahau kwamba kadi moja hulipiwa mara mbili, chapa na stempu.

Posta ya kwetu ina tabia yake. Katika nchi za wenzetu tarishi huja mlangoni. Kwetu barua huishia kwenye sanduku, na sanduku lenyewe mara nyingi ni la shule, la msikiti au la duka la mjomba. Basi jina la mwenye kadi liandikwe kamili, na namba ya eneo isiachwe: Mombasa 80100, Kisii 40200, Nyamira 40500. Katika wale 60, zaidi ya nusu hawakuwa na sanduku wanalolifungua. Hao kadi yao ilikwenda kwa njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora: ndani ya kifurushi cha basi. Kila chetezo kinachosafiri sasa chafuatana na kadi mbili, moja ya aliyenunua na moja ampe ampendaye. Hapo Bi amerudi, bila kukusudia, kwa Gomes na abiria wake.

Mke wa mwenyeji wangu, ambaye alikuwa akinyamaza kwa muda mrefu, alitoa fikra iliyonipendeza kuliko zote. Kwenye pembe ya kila kadi iandikwe herufi moja kwa kalamu: P kwa iliyokwenda posta, K kwa iliyokwenda ndani ya kifurushi, H kwa iliyogawiwa harusini. Anayepiga simu aulizwe herufi yake. Baada ya miezi mitatu daftari litasema lenyewe fedha zirudi wapi, na hapatakuwa na haja ya kubahatisha.

Siku ya tatu nilichukuliwa Nyamira kumzuru mgonjwa, na katika njia ya kurudi tukasimama Keroka, mji ule ulio mpakani mwa kaunti mbili, nusu miguu Kisii nusu Nyamira. Hapo yuko dada yetu mshonaji wa sare za shule na mabuibui. Habari za kadi zilikwisha kumfikia kabla ya gari letu, na nilipoketi akaniambia kwa uchungu kwamba yeye postikadi zimemharibia.

Nilidhani atasema hazikuuza. Kumbe zilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa amechapisha kadi nzuri, upande mmoja sare zimetundikwa kwa mpango, upande wa pili mahali pa kuandika. Zilipobaki, akaona asizitupe, akawaandikia wadaiwa wake. Mmoja alikuwa mwalimu, na sanduku lake lilikuwa la shule. Kadi ikafika ofisini, ikakaa mezani uso juu siku mbili, na juu yake imeandikwa kwa mwandiko mzuri kwamba mwalimu fulani anadaiwa kiasi fulani tangu mwezi fulani. Karani aliisoma, walimu wenzake wakaisoma, na mtoto wa darasa la 6 aliyetumwa kuipeleka akaisoma njiani. Mwalimu yule hajamsalimu tangu siku hiyo. Deni halijalipwa, na wazazi wengine wa shule ile wamehamia kwa fundi mwingine.

“Lakini alikuwa ananidai mimi au namdai mimi, Sheikh?” akaniuliza. “Haki si yangu?”

Haki ni yake. Dini yetu imelitukuza deni kiasi kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqara, yahusu uandikaji wake. Lakini maandishi yale yana mwandishi mmoja na mashahidi waliochaguliwa, wanaojulikana, wenye kuridhiwa. Meza ya ofisi ya shule si shahidi. Kumdai mtu ni jambo lako naye. Ukiliandika kwenye karatasi isiyo na bahasha umewaita watu ambao hawakuwa na sehemu ndani yake, na katika hao wamo watoto wanaosomeshwa na mdaiwa mwenyewe. Nilimshauri aende kwa mwalimu yule kwa miguu yake, wakati wa faragha, aombe radhi kwa ile kadi. Aliniuliza kama kuomba radhi ni sawa na kusamehe deni. Nikamwambia la, hayo ni mawili: radhi ni yake kuiomba leo, na deni ni haki yake kulidai kesho, kwa simu au kwa barua iliyofungwa, na akimkuta mwenzake ana dhiki ampe muda. Alinitazama kama mtu aliyepewa dawa chungu. Kama alikwenda au hakwenda, sijapata habari.

Kadi zake zile zilizobaki, kwa hakika, hazihitaji posta hata kidogo. Wateja wake wote wako mwendo wa robo saa. Kabla shule hazijafungwa mwisho wa mwaka, ampe kila mzazi mkononi, yenye tarehe ya mwisho ya kupima watoto kwa ajili ya Januari. Stempu ni ya kuvuka umbali. Pasipo umbali ni hasara.

Niliporudi Mombasa nikashughulika na mitihani ya madrasa, nikayasahau mawe. Majuma matano baadaye Bi akanipigia. Katika kadi zilizotoka amepata simu 11: saba za K, tatu za H, na moja tu ya P. Posta, akasema, haikumlipa, ila huyo mmoja wa P ameagiza vyetezo sita vya kuwatuza mashangazi katika harusi ya mwanawe. Binti yake sasa ndiye anayeandika anwani na ile herufi ya pembeni, alijitolea mwenyewe. Nikamwambia nami ningependa kuiona kadi ilivyotoka. Akajibu kwamba alikwisha kunipelekea kwa sanduku la madrasa, yapata siku 10 zilizopita.

Nikamuuliza mlinzi wa madrasa, ambaye ndiye huchukua barua. Akasema ndiyo, ilifika, picha ya chetezo, nzuri sana, yeye mwenyewe aliisoma, akaipeleka nyumbani. Nilipofika nyumbani niliikuta imechomekwa kwenye fremu ya kioo, na mama watoto akanijulisha kwamba chetezo kimekwisha kuagizwa, kimekwisha kulipiwa, na kitaingia kwa basi la Alhamisi.